Njia ya Dhiraa Saba



Wiki mbili sikuandika katika ukurasa huu, na baadhi yenu mlinipigia simu kuuliza kulikoni. Tulikuwa Lamu, arusini. Dada yangu aliolewa huko zamani, mtaa wa Langoni, na safari hii alikuwa akimwoza binti yake wa mwisho. Nilikwenda na mke wangu na binti yetu aliye kidato cha tatu. Nilikusudia nikirudi niwaandikie habari za arusi na za Msikiti wa Riyadha, kama ilivyo ada yangu nitokapo safarini. Lakini tangu turudi, kilichonikaa kichwani ni miguu ya mke wangu. Kabla hamjashangaa, jueni kwamba haya nayaandika kwa idhini yake. Amesoma kila mstari. Mistari miwili ameifuta.

Basi liliondoka Mombasa alfajiri. Malindi, Garsen, Witu, vizuizi vya askari, na kiti cha watu wawili ambacho mimi na yeye hatukuweza kukikalia bila ya kubanana. Mimi ni mtu mzito. Yeye amekuwa mzito katika miaka tisa hii ya mwisho, na mwaka jana daktari alimpima akamwambia ana kisukari. Akampa vidonge, akampa karatasi ya vyakula, akamwambia atembee nusu saa kila siku. Vidonge anameza. Karatasi ameibandika mlangoni mwa friji. Kutembea hakutembei, na mimi kwa muda mrefu nilidhani najua sababu.

Mokowe tulipanda boti, na tulipofika gati la Lamu mke wangu akageuka kushoto na kulia, akauliza: "Tuktuk ziko wapi?" Mpwa wangu aliyekuja kutupokea alicheka mpaka akaona haya. Akaipakia mizigo yetu katika mkokoteni wa hamali, akasema, "Shangazi, ni hapo tu." Hapo tu palikuwa mwendo wa dakika kumi na tano kwa kijana. Sisi tulitumia dakika arubaini, na tulipumzika mara tatu.

Nawaomba mzingatie mahali tulipopumzikia, maana hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuamka. Nyumba za mawe za Lamu zina madaka mbele ya milango, vibaraza vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba yenyewe, na mpita njia hukaa bila ya kuomba ruhusa. Mke wangu aliketi katika daka la watu asiowajua. Mlango ukafunguka, akatoka bibi mmoja mtu mzima, akamsalimu, akamletea maji, akamuuliza ametoka wapi na amekuja kwa nani. Kufumba na kufumbua wakawa wanajuana kwa ukoo. Mtu mzito au mgonjwa wa magoti anaogopa kuanza safari ya miguu kwa sababu hajui kama atapata pa kuketi katikati yake. Palipo na pa kuketi kila baada ya hatua hamsini, hofu hiyo inaondoka, na akishaketi mara tatu tayari amefika.

Waliozuru mji huu wanaujua ulivyo. Una Usita wa Pwani unaofuata ufuo wa bahari, na nyuma yake Usita wa Mui, wenye maduka, unaokwenda sambamba nao kutoka Langoni hadi Mkomani. Kati yake na nyuma yake ni vichochoro vinavyopanda kilima, vyembamba kiasi kwamba punda aliyepakiwa mawe akija, wewe unajibanza ukutani. Shirika la UNESCO liliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na watalii huja kupiga picha milango yake ya nakshi. Mimi nimeipiga picha milango hiyo mara nyingi. Safari hii nilikuwa nikitazama kivuli.

Kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, kwa hiyo jua halifiki chini ila saa chache za mchana, na upepo wa baharini hupita humo ukiwa umebanwa, kama ndani ya bomba. Saa tisa alasiri, wakati ambao kwetu hakuna mwanamke atokaye nje ila mwenye dharura, Lamu wanawake walikuwa njiani: mmoja anampelekea mzazi uji, wengine wawili wanakwenda kumtazama mgonjwa, wasichana wanatoka chuoni na misahafu yao. Duka la unga limo katikati ya nyumba za watu. Muuza mkate wa mofa yuko pembeni, na msikiti uko kila baada ya pembe mbili tatu. Samaki na mboga ziko sokoni, ubavuni mwa ngome, karibu na uwanja wa Mkunguni. Hakuna kitu kilicho mbali hata mtu ahitaji gari, wala hakuna kilicho karibu hata asihitaji kunyanyuka.

Na ndani ya nyumba ni hivyo hivyo. Nyumba za zamani za Lamu huweka jiko juu kabisa, penye dari, ili moshi na joto visikae na watu. Dada yangu ana umri wa miaka sitini na miwili na hupanda ngazi hizo mara nyingi kwa siku asizozihesabu. Nilimuuliza kama hachoki. Akanijibu kwamba huchoka, akaniuliza chakula nilichokula mchana kilishukaje.

Sasa, msidhani tulikula kwa kujizuia. Arusi ya Lamu haina diriki ya karatasi ya daktari. Kulikuwa na biriani, mahamri, mkate wa sinia na halua, na mimi sikuviachia hata kimoja. Mke wangu alijitahidi kuliko mimi, lakini naye ni binadamu. Lakini binti yetu, aliyekuwa ameweka katika simu ya mama yake programu ya kuhesabu hatua, alitusomea hesabu usiku wa tatu: hatua elfu kumi na moja na ushei. Nyumbani kwetu, kwa kumbukumbu ya simu hiyo hiyo, siku nyingi hazifiki elfu tatu. Hakuna aliyemwambia aende akatembee. Alikwenda kwa fundi wa hina, akarudi, akaenda nyumba ya bwana harusi, akarudi, akaenda kumwona rafiki yake wa utotoni aliyehamia Mkomani. Siku ya nne wanawake walikwenda Shela kwa miguu, kiasi cha kilomita tatu kando ya bahari, naye akaenda nao. Asubuhi iliyofuata alijichoma kidole kama kawaida, na namba iliyotoka ilikuwa ndogo kuliko zote alizoandika mwezi ule. Siku nne si tiba, wala hakuacha vidonge vyake, na mgonjwa asije akaacha vyake kwa kunisoma mimi. Nasimulia nilichokiona.

Usiku ule sikupata usingizi, na sababu yake ni aibu.

Ramadhani ya juzi nilitoa darsa msikitini kwetu juu ya ulafi. Nilieleza mafunzo ya Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, ya kuligawa tumbo mafungu matatu, na mafunzo hayo ni haki isiyo na shaka. Lakini nikaongeza maneno yangu mwenyewe. Nikasema wanawake wa siku hizi wamekuwa wavivu, wanakaa mbele ya televisheni na sahani ya viazi karai, miili inawazidi, kisha wanalalamika magoti. Wanaume wakacheka. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa pazia. Hakuniambia neno siku ile wala baada yake. Laiti angenigombeza.

Maana mwanamke huyu alikuwa mtembezi. Tulipooana tulikaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, katika vyumba viwili vya kupanga. Asubuhi alikuwa akitembea hadi Marikiti na kurudi na kikapu. Mchana alikuwa kwa mamake, mitaa miwili mbele. Jioni za Jumapili tulikuwa tukienda kwa miguu hadi Laitihausi, tunakula muhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu, tunatazama meli zikiingia, tunarudi kwa miguu. Alizaa watoto wanne katika mtaa ule na buibui lake la ujana lilikuwa lingali likimtosha.

Kisha tukapata ploti upande wa bara, kaskazini, kwa bei tuliyoimudu. Nilijenga kwa fahari. Vyumba vinne, choo ndani, tangi la maji, ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu. Jirani naye akajenga, na jirani wa jirani. Sokoni ni mbali, basi tunanunua vitu vya wiki nzima na kuvijaza katika friji. Mtu akitaka kwenda kwa mamake ni bodaboda, kisha matatu, kisha tuktuk. Njia yetu haina kivuli hata cha mpapai mmoja. Kando yake kuna mtaro wa maji machafu usiofunikwa. Magharibi ikishaingia hakuna taa, na penye pembe hukaa vijana wenye maneno ambayo binti yangu hataki kunikaririra. Karibu na lango letu, hata hivyo, kuna vibanda vitatu vya chipsi na soda. Hivyo ndivyo vitu pekee vilivyo karibu.

Huko ndiko nilikompeleka mke wangu, kisha nikapanda juu ya mimbari nikamwita mvivu.

Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa namna ambayo mimi siwezi, na nitayasema machache. Utafiti wa kitaifa uliofanywa hapa Kenya mwaka 2015 juu ya maradhi yasiyoambukiza ulikuta kwamba asilimia 27 ya watu wazima wana uzito uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Wanaume walikuwa asilimia 17.5. Wanawake walikuwa asilimia 38.5. Nimeitazama tofauti hiyo kwa muda mrefu. Kama sababu ingekuwa ulafi peke yake, ingetupasa kuamini kwamba wanawake wa Kenya ni walafi mara mbili kuliko waume zao, na mimi nimekaa katika masinia ya walima ya wanaume, najua tunavyokula.

Habari ya pili inatoka Marekani. Kati ya mwaka 1994 na 1998 serikali ya huko ilizichukua familia 4,498 zilizokuwa zikikaa katika nyumba za umma kwenye mitaa maskini mno ya miji mitano: Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York. Wakapiga kura. Waliobahatika wakapewa hati ya kuwasaidia kodi, wengine kwa sharti la kuhamia mtaa usio na umaskini mwingi. Hawakupewa mafunzo ya chakula, wala mwalimu wa mazoezi. Baada ya miaka 10 hadi 15 wakapimwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011 katika jarida la tiba la New England. Miongoni mwa wanawake waliopewa hati ya kuhamia mitaa bora, unene mkubwa kabisa na kisukari vilikuwa vimepungua wakilinganishwa na wale ambao kura haikuwaangukia. Watafiti wenyewe hawakuweza kusema ni kitu gani hasa katika mtaa kilichofanya kazi hiyo: usalama, chakula kilichopo, mahali pa kutembea, au utulivu wa moyo. Lakini mtaa uliingia mwilini. Hilo walilipima kwa mizani na kwa damu.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na watoto dakika 60 kwa siku. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kima cha chini. Mwanamke wa Lamu anazipata kwa kwenda kununua mkate na kumjulia hali mgonjwa. Mke wangu, ili azipate, anahitaji viatu maalumu, mtu wa kumsindikiza, saa ambayo jua halichomi na vijana hawapo, na moyo wa jasiri.

Niliporudi nilivifungua vitabu vyangu, si kwa kutafuta dalili ya kuwabana wengine. Kuna Hadithi mbili ninazozijua tangu chuoni na sikuwahi kuziweka pamoja. Ya kwanza ni ile ya Bibi Aisha, Allah amridhie, aliposhindana mbio na Mtume safarini. Mara ya kwanza alimshinda. Baadaye, mwili wake ulipokuwa umenenepa, wakashindana tena, Mtume akamshinda, akacheka, akamwambia kuwa hiyo ni kulipiza ile. Miaka yote nimeisomesha kama mfano wa mapenzi ya mume na mke, na ni kweli. Lakini katika riwaya ya Imam Ahmad mna jambo nililolipita kila mara bila ya kusimama: kabla ya mbio, Mtume aliwaamrisha watu watangulie mbele. Aliifungua njia kwanza. Alimfanyia mkewe mahali ambapo anaweza kukimbia bila ya kutazamwa, kisha ndipo akamwambia njoo tushindane. Na aliponenepa hakumtolea hotuba.

Ya pili ni ile ya Bukhari na Muslim, kwamba watu wakikhitilafiana juu ya njia, basi upana wake uwekwe dhiraa saba. Dhiraa saba ni kiasi cha mita tatu na robo hivi. Asubuhi moja baada ya Alfajiri, kabla watu hawajatoka, niliipima kwa mkono wangu njia inayotoka kwetu kwenda msikitini. Penye nafasi kubwa ilikuwa dhiraa tano. Penye nyumba ya mzee mmoja ambaye hakosi safu ya mbele, dhiraa nne. Penye ukuta wangu, dhiraa tatu na shubiri moja. Katika ramani ya ploti njia hiyo ni pana kuliko dhiraa saba. Tumeila sisi wenyewe, kila mmoja akitoa ukuta wake kidogo kwa sababu jirani ametoa wake. Fundi aliniambia wakati ule, "Sheikh, kila mtu anafanya," na mimi sikuuliza tena. Dhiraa nilizozichukua zimekuwa kitanda cha maua ambacho hakuna anayekikalia. Nje yake, mama mwenye mtoto mgongoni hujibanza mtaroni bodaboda ikipita.

Nisiipambe Lamu kupita kiasi. Mji wa mawe una mitaro yake, na kinyesi cha punda si manukato. Bodaboda zimeingia kisiwani, na nilizisikia zikinguruma upande wa juu ambako mji mpya unatanuka bila ya mpango wowote, na huko juu nyumba zinafanana sana na zetu. Kisukari kipo Lamu pia. Dada yangu anacho, tena amekuwa nacho kabla ya mke wangu, na halua hawaiachi. Nami siwezi kuhamia Lamu, wala ninyi. Lakini daka linaweza kujengwa popote. Mwarobaini unaota hata katika mchanga wetu wa chumvi. Mtaro hufunikwa kwa mabamba ya zege, na mabamba hayo yakishalala juu yake yamekwisha kuwa njia ya miguu.

Nyuma ya madrasa yetu kuna kiwanja cha wakfu, kipana kiasi cha nusu uwanja wa mpira, kimezungukwa na ukuta. Watoto hucheza humo wakipata ufunguo. Mwaka jana kamati yetu ilikubaliana kijengwe maduka kumi na mawili ya kupangisha ili madrasa ipate kodi. Fedha zinahitajika, sikatai, mishahara ya walimu imechelewa miezi mitatu. Mimi nilikuwa katika kikao hicho na nilinyanyua mkono. Hakuna aliyetaja kwamba ndipo mahali pekee katika mtaa mzima ambapo mwanamke anaweza kuzunguka kwa miguu, na kuta zikamsitiri, na mlango ukafungwa kwa ndani.

Nimemwandikia mwenyekiti nikiomba jambo hilo lirudi mezani. Pendekezo langu ni maduka manne upande wa barabarani, sehemu iliyobaki iachwe wazi, ipandwe miarobaini, ijengwe vibaraza kuzunguka ukuta, na kutoka Alasiri hadi Magharibi iwe ya wanawake na watoto. Kodi itapungua kwa theluthi mbili, na sijajua tutaijazaje. Wajumbe wawili wamenijibu kwa simu kwamba nimezeeka. Na fundi nimemwita, amekadiria gharama ya kuurudisha ukuta wangu ndani. Ni fedha nyingi kuliko nilivyotaraji, lakini kazi itaanza baada ya Ijumaa ijayo, inshaallah, na mzee wa safu ya mbele ameshaniuliza nakusudia nini.

Kikao ni Alhamisi baada ya Isha. Mke wangu, alipomaliza kusoma karatasi hizi na kufuta mistari yake miwili, aliniuliza kama wanawake wanaruhusiwa kuhudhuria. Nilimwambia kwamba katika miaka tisa hakuna aliyewahi kuuliza. Akasema, "Basi nimeuliza," akaenda kutafuta viatu vyake.